Mavi ya Shaba

Nilizaliwa na kitovu kimenizunguka shingo,
ndiyo sababu naitwa Mujinga.
Kwa Kiluba ni jina la heshima: aliyekuja na kamba yake.
Kwa Kiswahili, darasa zima lilicheka.

Basi siku Kapya aliponikabidhi maikrofoni,
waya wake mrefu umefungwafungwa kwa plasta ya hospitali,
niliuzungusha shingoni mara moja, mara mbili,
nikajiona nimefika kwetu.

Tulikuwa wanne, Katuba, nyuma ya gereji ya baba yake Musenge.
Ngoma: mapipa mawili na kifuniko cha taa ya lori.
Besi: nyaya za breki za baiskeli
zilizomchana Ngosa vidole
hata akajifunza kupiga kwa ufunguo wa nyumba yao.
Gitaa peke yake ndilo lilikuwa gitaa,
lilivuka mpaka kutoka Kitwe ndani ya gunia la unga,
na unga haukulitoka kamwe.
Kapya akikwaruza kwa hasira
vumbi jeupe lilimpanda kifuani
kama mama anayesonga bukari.

Jina lilitusumbua mwezi mzima.
Musenge akanyosha kidole juu ya ukuta,
kule kwenye mlima mweusi uliotapikwa na tanuru
tangu babu zetu wanavaa kaptula za kampuni,
na bomba la moshi kando yake, limesimama, haliombi radhi.
“Mavi ya Shaba,” akasema.
Tukacheka.
Kisha kila mtu akanyamaza kivyake.

Padri Anselme alitupa ukumbi wa parokia,
tangazo akaliandika mwenyewe: M. YA SHABA, VIJANA WETU.
Walijaa wazee. Walidhani ni Malaika.

Lakini ninayoikumbuka ni siku ya mazoezi, mwezi wa nane,
upepo umebeba vumbi jekundu, koo limekauka.
Sikuimba. Niliachia tu kile kilichokuwa chini,
kikapanda kikikwaruza kuta,
na mapipa yakakifuata, na nyaya za breki.
Mara geti likasukumwa.
Wamama wa mtaa wa pili, vitenge vimekazwa kiunoni,
huyu na kuni, huyu na sufuria, huyu na mkeka:
“Kilio kiko wapi? Nani alikufa?”

Hakuna, mama. Tunapiga muziki.

Wakaanza kutukana, wakaanza kurudi.
Mama Feza hakurudi. Alitua kuni zake, akazikalia.
“Endelea, mutoto,” akasema.
“Miye niko na wangu. Sikumulia muzuri.”

Tulipiga tena hadi giza. Hakuna aliyepiga makofi.

Miezi saba. Maonyesho manne,
moja lilikatwa na umeme katikati ya neno,
nami nikalimalizia bila waya, gizani,
na sijui mpaka leo kama lilisikika.
Baba yake Musenge akataka mapipa yake.
Ngosa akaenda Kolwezi kuchimba, na ule ufunguo mfukoni.
Kapya alisema anarudi Kitwe kununua nyuzi;
anazinunua bado.

Sasa nafundisha mwaka wa tatu wa msingi.
Nikiita majina, sauti inakatika kwenye herufi ya M.
Daktari alinimulika kooni, akaona kitu
kikubwa kama punje ya mtama.
Aliniuliza, “Unauza sokoni?” Nikasema ndiyo.

Na ule mlima unapungua.
Malori yanaumega mchana na usiku,
yasemekana mlikuwa na mali mle, muda wote.

Alhamisi walimzika Mama Feza.
Kuni zilikuwepo, mikeka ilikuwepo,
wanakwaya walikohoa, wakatafuta ukurasa.
Wamama wale wa mtaa wa pili, waliobaki,
wakageuka, wakanitazama, mimi,
mwalimu, na kitambaa changu shingoni.

Nikakifungua.